Propela ya Forester inagonga: niitoe, niichomelee au ninunue nyingine?

"Habari za kazi, fundi. Nina Subaru Forester ya mwaka 2004, SG5, cc 2000 isiyo na turbo, otomatiki, inavuta magurudumu yote manne. Imetembea km 187,000. Kwa miezi kadhaa sasa nikifika kasi ya 70 hadi 90 sakafu inatetemeka mpaka nasikia kwenye kiti, na nikipandisha mlima wa Kitonga hali inazidi. Nikitoa P kwenda D inagonga 'ko!' chini katikati ya gari. Nimenunua tairi mbili mpya za mbele na kubalansi magurudumu yote, bado. Fundi wa kwanza kasema krosi za propela zimekwisha, na za Subaru hazibadilishwi, hivyo tuitoe propela gari libaki linavuta mbele tu, tena nitaokoa mafuta. Wa pili kasema atang'oa krosi, aweke za gari jingine na kuzichomelea. Wa tatu anasema ni giaboksi. Naishi Iringa na nina shamba Mufindi. Kule wakati wa mvua tope si la mchezo. Nifanye nini ambacho sitajuta?"

Nzuri, ndugu yangu, na pole kwa usumbufu. Ukipewa majibu matatu na mafundi watatu ni rahisi kuamini kwamba hakuna anayejua. Mimi kwa dalili ulizoeleza namuunga mkono yule wa kwanza kwa nusu: naye naona propela ndiyo ya kushukiwa kwanza. Anaposema itolewe na kusahauliwa, hapo tunaachana. Yule wa kuchomelea usimpe gari hata kama atafanya bure.

Tuone kwanza kinachozunguka huko chini. Injini ya Forester imelazwa kufuata urefu wa gari, giaboksi iko nyuma yake, na difu ya mbele (gia zinazogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia) imo ndani ya giaboksi hiyohiyo. Magurudumu ya nyuma yanapata nguvu kupitia bomba refu la chuma linalotoka mkiani mwa giaboksi hadi difu ya nyuma. Hilo ndilo propela. Zile shafti fupi zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye kila gurudumu, zenye buti za mpira, ni kitu kingine. Zikichakaa hulia tak-tak-tak ukikata kona, na wewe hukutaja mlio huo. Propela yako ina vipande viwili. Katikati imeshikwa na senta beringi, yaani beringi iliyo ndani ya pete ya mpira mnene, iliyofungwa kwenye bodi. Na kwa kuwa giaboksi na difu havikai kwenye mstari mmoja mnyoofu, na vyote vinacheza kidogo juu ya raba zake, propela inahitaji maungio yanayokunjika. Hapo ndipo krosi zinapoingia.

Krosi ni msalaba mdogo wa chuma. Kila mkono wake umeingia kwenye kikombe chenye beringi za sindano na grisi kidogo iliyowekwa kiwandani, na mara nyingi krosi za Subaru hazina nipeli ya kuongezea nyingine. Pembe ya kukunjika ni ndogo, kwa hiyo sindano zile hazizunguki duara zima kama beringi ya gurudumu. Zinakwenda nyuzi chache mbele, zinarudi nyuzi chache nyuma, kama mchi unaotwanga mahali palepale pa kinu kwa miaka ishirini. Grisi inasukumwa pembeni, sili inakakamaa, maji ya tope yanapenya, na sindano zinachimba vifereji kwenye chuma. Ukilala chini ya gari ukaona unga mwekundu wa kutu pembeni mwa kikombe, hicho ni chuma chako kinachosagwa.

Vifereji hivyo ndivyo vinavyoleta ile "ko!" yako. Ukiwa P propela imetulia bila mzigo. Ukiingiza D nguvu inaifikia ghafla, inaruka ule uwazi mdogo uliochimbika, inagonga upande wa pili. Tahadhari moja: raba za giaboksi, raba za difu ya nyuma na ule mpira wa senta beringi vikichanika hugonga kwa namna inayofanana sana. Ndiyo maana sikubali mtu anunue propela kwa kusikia mlio tu.

Mtetemo nao una hesabu yake, na hesabu hii inaeleza kwa nini kubalansi hakukusaidia. Kwa tairi la 215/60R16, ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa gurudumu linazunguka mara 640 hivi kwa dakika. Propela, kwa sababu ya uwiano wa difu, inazunguka zaidi ya mara nne ya hapo: karibu mizunguko 2,800. Gurudumu lisilobalansi hutikisa polepole, na mara nyingi unalisikia mikononi kwenye usukani. Propela hutetemesha haraka, karibu na mvumo, na unausikia sakafuni, kwenye kiti, wakati mwingine hata kioo cha kati kinatetemeka hadi huoni vizuri gari la nyuma. Wewe ulisema sakafu na kiti. Kitonga nako mtetemo unazidi kwa sababu pale nguvu inayopita kwenye propela ni kubwa, na krosi yenye uwazi ikisukumwa kwa nguvu hulisogeza bomba nje ya mhimili wake.

Kabla ya kutoa hata shilingi, fanya majaribio mawili. La kwanza linamhusu yule fundi wa tatu. Kwenye barabara tambarare, iliyonyooka na isiyo na magari wala makazi, fika ile kasi inayotetemesha, kisha weka N huku mguu ukiwa nje ya mafuta, na acha gari liserereke kwa sekunde chache. Usizime swichi, na usifanye hivi kwenye mteremko. Kama mtetemo unaendelea wakati injini imeshuka kwenye mzunguko wake wa chini, chanzo ni kitu kinachozunguka pamoja na magurudumu: tairi, shafti, propela au beringi zake. Ukitoweka mara tu unapoweka N, tatizo linahitaji mzigo ili lionekane, nalo linaweza kuwa krosi, raba, au kweli huko alikosema fundi wa tatu.

La pili lifanyike kwa fundi, gari likiwa juu ya stendi nne imara, magurudumu yote hewani, gia N, breki ya mkono imeachiwa, injini imezimwa. Fundi ashike propela kwa mikono miwili pande zote mbili za kila krosi, azungushe upande huu na upande ule, kisha asukume juu na chini. Krosi nzima haina mchezo wowote unaoonekana kwa macho. Halafu azungushe propela yenyewe polepole kwa mkono mmoja huku mwingine umegusa nyumba ya senta beringi. Beringi iliyokufa utaisikia inakwaruza vidoleni. Jicho lake lipite pia kwenye mpira wa pete kuona kama umepasuka, na kwenye bomba kuona kama kile kipande kidogo cha bati cha balansi kilichochomelewa kiwandani bado kipo. Propela ikishatolewa kuna kipimo cha uhakika zaidi: ikunje krosi kwa mkono. Ikiwa inanasa katikati na kutoka kwa kushtuka, imekwisha, hata kama haina mchezo.

Nimesema stendi nne kwa makusudi, na hapa naomba mnisikilize wote wenye magari ya aina hii. Usikubali kamwe gari la magurudumu manne liwashwe na kuingizwa gia likiwa limeinuliwa nyuma tu au mbele tu. Magurudumu yaliyobaki chini yatalisukuma litoke kwenye jeki, na aliye chini hana pa kukimbilia. Vivyo hivyo ukivutwa na bridauni: Subaru ya aina hii ibebwe magurudumu yote yakiwa juu.

Sasa hili la tairi mbili mpya. Najua uliliweka kama jambo la kupita, lakini limenishtua kuliko kule kugonga. Tairi jipya lina kina cha kashata, yaani yale matuta yanayokanyaga barabara, cha milimita 8 hivi. Tuseme zako za nyuma zimebaki na 3. Tofauti ya milimita 5 kwenye nusu kipenyo inakuwa milimita 31 kwenye mzingo. Kwa hesabu ya juu juu, katika kila kilomita moja magurudumu ya mbele na ya nyuma yanatofautiana mwendo wa kama mita 15. Mita hizo lazima zipotelee mahali, na kwenye otomatiki yako zinapotelea kwenye klachi ya sahani nyingi iliyo mkiani mwa giaboksi, ambayo ndiyo inayogawa nguvu kwenda nyuma. Klachi inasuguana safari nzima, na propela inakaa imepindwa kwa mvutano usiokwisha. Subaru wanataka tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, yaani kama milimita 6. Chukua futi ya fundi cherehani, zungushia kila tairi katikati ya kashata, upime. Ukikuta tofauti kubwa, nunua mbili nyingine za aina ileile, au tafuta nne zilizochakaa sawa. Ukifunga propela mpya juu ya tairi zisizolingana utakuwa umetibu kidonda na kuacha mwiba ndani.

Kujua kama klachi hiyo imeshaanza kuumia, kata usukani mpaka mwisho kwenye uwanja wa lami au saruji, uende taratibu. Gari likijivuta kama limekanyagiwa breki, nenda kwenye boneti utafute nafasi tupu ya fyuzi iliyoandikwa FWD, yaani kuvuta mbele tu. Otomatiki zisizo na turbo za kizazi hiki huwa nayo. Iliwekwa ili gari litumie tairi dogo la akiba bila kuumiza klachi. Weka fyuzi ya kiwango kilichoandikwa hapo, washa gari, taa ya FWD ionekane kwenye dashibodi, rudia kona ileile. Kujivuta kukitoweka, klachi bado inaachia; kukibaki, huenda shida iko kwenye klachi au valvu ya umeme inayoiamuru, na hapo yule fundi wa tatu atakuwa na hoja yake, mbali na tatizo la propela. Kumbuka tu kwamba fyuzi inakata nguvu ya kwenda nyuma, haiisimamishi propela. Magurudumu ya nyuma yataendelea kuizungusha, na mtetemo wa kasi unaweza kubaki.

Nije kwenye ushauri wa kuitoa. Umeenea sana gereji zetu, na sitasema ni uongo mtupu. Yapo magari, kama Honda CR-V za kwanza, ambayo kwa kawaida huvuta mbele na kuita nyuma pale tu mbele panapoteleza. Hayo ukiyatoa propela yanaendelea kwenda. Lakini Subaru ya gia za mkono ina difu ya kati inayogawa nguvu muda wote, na ndani yake kuna kifaa chenye majimaji mazito ya silikoni kinachozuia upande mmoja usizunguke peke yake. Ukitoa propela, kifaa hicho ndicho kinabeba kila kitu, kinachemka na kuungua. RAV4 za magurudumu manne za 2000 hadi 2005 ni hivyohivyo. Anayesema "zote zinatolewa tu" hajui alichokishika.

Ya kwako, otomatiki isiyo na turbo, ingeweza kwenda bila propela. Shida ya kwanza ni kwamba mdomo wa propela umechomekwa ndani ya mkia wa giaboksi na ndio unaoziba pale. Ukiuchomoa, oili ya giaboksi inamwagika. Watu hukata propela wakaacha kipande cha mbele kikining'inia ndani ya sili, ambayo haikutengenezwa kubeba kipande kinachoyumba. Akiba ya mafuta unayoahidiwa nayo ni ndogo, maana magurudumu ya nyuma bado yanazungusha shafti na difu yake hata propela ikiwa haipo. Na wewe una shamba Mufindi. Ulinunua gari hili kwa ajili ya tope lile. Kama propela imekatika leo na spea inafika wiki ijayo, kuitoa, kuziba vizuri na kutembea mjini polepole ni suluhisho la dharura ninalolielewa. Kuliishi gari hivyo, hapana.

Kuhusu krosi za Subaru "hazibadilishwi": fundi amekariri kitu chenye msingi. Kwenye magari mengi vikombe vinashikwa na saklipu, yaani vipete vya chuma vya kubana, ambazo unazitoa kwa koleo. Subaru kiwandani wamegonga ukingo wa chuma ukakishika kikombe, bila saklipu, kwa nia kwamba propela ikichakaa ibadilishwe nzima. Hata hivyo mkereza vyuma mzuri anaweza kusaga zile alama za kugongwa, kutoa vikombe kwa presi, na kuweka krosi za vipimo vilevile zenye saklipu za ndani. Kazi yote iko kwenye kuiweka katikati. Msalaba ukikaa pembeni kwa sehemu ndogo ya milimita, bomba zima linazunguka nje ya mhimili mara 2,800 kwa dakika, na mtetemo utakaorudi nao nyumbani utazidi ule wa mwanzo. Kwa hiyo swali la kumuuliza ni moja: una mashine ya kubalansi propela, au una mahali unapoipeleka? Kama jibu ni hapana, muage kwa heshima.

Kuchomelea kunaharibu mambo matatu kwa mpigo. Joto linachoma grisi na kulainisha chuma kilichokomazwa cha kikombe, mzigo wa chuma cha kuchomelea unavuruga balansi, na ikishindikana huna tena cha kuokoa kwa sababu uma wa propela, ile sehemu inayoshika krosi, nao umekwenda.

Mimi kwa gari lako ningefuata njia hii. Ikionekana ni senta beringi peke yake, na krosi zote ni nzima, badilisha hiyo tu. Inauzwa pekee, ila kuitoa kunataka presi. Ikiwa krosi moja imekufa, zilizobaki zimetembea kilomita zilezile, kwa hiyo fikiria propela nzima. Mpya ya kampuni nyingine, yenye krosi za saklipu zinazobadilishika baadaye, ndiyo yenye thamani ndefu ukiipata. Iliyotumika kutoka Japani ndiyo wengi tunayoimudu, na si vibaya, mradi usiinunue kwa macho. Nenda na ya zamani mkononi. Pima urefu, hesabu meno ya mdomo unaoingia giaboksi, linganisha matundu ya bolti, kwa sababu propela ya gia za mkono na ya otomatiki hazibadilishani hata zikitoka Forester za mwaka mmoja. Kunja kila krosi pale dukani, inayonasa irudishe. Inayoyumba bila ukinzani wowote nayo irudishe.

Siku ya kufunga, fundi aweke alama ya rangi kwenye sahani ya propela na ya difu kabla ya kulegeza bolti nne za nyuma, na ikibidi kutenganisha vipande viwili, navyo aviwekee alama. Hili si urembo. Tangu siku za Robert Hooke, karne ya 17, inajulikana kwamba krosi iliyokunjika haitoi mwendo sawa: kila mzunguko mmoja upande wa pili unaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Krosi zikipangwa sawasawa, ya nyuma inafuta kosa la ya mbele. Zikifungwa zimepishana, makosa yanajumlishana, na unabaki na propela mpya inayotetemeka. Sili ya mkia wa giaboksi ibadilishwe palepale, maana ni kitu kidogo na kila kitu kiko wazi. Baada ya hapo oili ya giaboksi ipimwe injini ikiwa ya moto na inaunguruma. Hapa watu hupotea: otomatiki ya Subaru ina vijiti viwili vya kupimia, kimoja cha oili ya giaboksi na kingine cha difu ya mbele, na oili zake ni tofauti kabisa. Mwombe fundi akuonyeshe anamimina wapi.

Kwa sasa unaweza kutembea taratibu mjini ukisubiri ukaguzi. Usiende safari ndefu, na Kitonga usiiguse. Ukianza kusikia kugonga kunakojirudia kila mzunguko hata kwenye mwendo mdogo, au mchezo wa krosi unaonekana kwa macho, au mpira wa senta beringi umekatika na bomba linaning'inia, egesha gari na uite fundi aje ulipo. Propela inayoachia ikiwa kasi inapiga kila kilicho jirani, na huko chini kuna bomba za breki na tangi la mafuta.

Na usilipe ukiwa umesimama gereji. Panda gari na fundi, mfike ile kasi ya 80 pamoja, muweke N, msikilize sakafu. Kama bado inavuma, rudini gereji, azungushe sahani ya nyuma ya propela nusu duara kwenye difu, mjaribu tena. Mara nyingine hiyo pekee inatosha.